Mstari Mwekundu wa Madam Zaituni

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Ruring'u alianza kuchimba msingi wa nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na vijana wa mjengo walipoumaliza ule udongo mweusi wa juu wakaufikia mwekundu, harufu ilipanda ikaingia jikoni kwangu. Ni harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua, baridi, kama chungu kipya kilichotiwa maji. Wengi huipenda. Mimi nilifunga madirisha yote mawili, nikakaa kwenye stuli, mwanamke mzima mwenye watoto sekondari, nikangoja moyo utulie.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoinusa mara ya kwanza. Tuliishi juu ya Kangema, karibu na pale chai inapoishia na msitu unapoanza, kwenye mteremko mkali wenye mto chini yake. Nyumba yetu, yangu na Mama, ilikuwa juu kabisa, kando ya barabara. Ukishuka kidogo ulifika kwa Cucu, nyanya yangu mzaa mama. Ukizidi kushuka ulifika kwa Mama Shiro, ambaye binti yake nilisoma naye darasa moja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ardhi chini ya nyumba hizo ilikuwa na mambo yake. Nilijua tu kwamba mpira ukikuponyoka kwetu utaupata kwa Mama Shiro.

Jina langu ni Wangeci, na Cucu pia alikuwa Wangeci, kwa sababu nilipewa lake. Yeye hakuniita kwa jina. Aliniita "mimi mdogo", na nilipoumwa na jino alishika shavu lake mwenyewe. Katika akili yangu ya kitoto niliamini kwamba lolote litakalompata yeye litanipata na mimi, siku hiyo hiyo.

Madam Zaituni alikuja wakati wa kiangazi, na begi mgongoni, buti za matope na kitambaa cha kijani kichwani. Mama alimkodisha chumba chetu cha nje. Watu wake walitoka Majengo ya Nyeri, lakini yeye alikuwa amekulia Isiolo, kwa hivyo Kikuyu chake kilikuwa cha salamu na cha kununua ndizi, basi. Mama alipomuuliza kazi yake alijibu kwamba ni mtu wa jiografia. Tulicheka kidogo. Jiografia tuliyoijua ilikuwa ya kukariri majina ya maziwa na kuchapwa ukiyasahau. Akatueleza kwamba yeye huchunguza mahali, na watu wanaokaa hapo, na vile ambavyo watu wanabadilisha mahali na mahali panabadilisha watu.

"Mahali husema," alimwambia Mama. "Kazi yangu ni kujua kuuliza."

Nilikuwa mlangoni nikichambua maharagwe, na neno hilo nililichukua kama lilivyo.

Shule zilikuwa zimefungwa, na Madam alihitaji mtu wa kumtafsiria kwa wazee. Mama alikuwa akichuma chai tangu asubuhi hadi gari la majani lifike. Akasema, "Chukua huyu. Huyu iko na Kiswahili ya shule, atakusaidia." Ndivyo nilivyoanza kutembea naye, nyumba hadi nyumba.

Sijawahi kumwona mtu aliyetazama vitu kama yeye. Alisimama katikati ya uwanja wa watu akiwa ameinua kifaa kidogo kama simu, akanyamaza. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema kinatafuta vilivyo juu. Vikionekana vinne ndipo kitajua kilipo. Alitaja neno setilaiti, ambalo sikuwa nimelisikia, na mimi nilitazama juu nikaona anga tupu, na nywele za mikono zikanisimama. Aliweka kiganja kwenye mashina ya miti iliyopinda chini kama magoti, akaniambia mti hupinda hivyo ukikua kwenye udongo unaotembea.

"Udongo hautembei," nilimwambia.

"Huu unatembea. Polepole, kama mtu anayenyata."

Kuanzia hapo sikupenda kukanyaga pale bila viatu.

Palipokuwa na ufa kwenye ardhi, hata mwembamba kama uzi, alipigilia vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule, na kila Jumamosi alipima nafasi iliyo kati yao na kuiandika. Na kwa wazee aliuliza maswali niliyoona ni ya ajabu. Ni nani aliyejenga hapa kwanza? Ni wapi ambapo wazazi wao walikataa kujenga? Makaburi ya zamani yako wapi, na je, bado yako pale yalipochimbwa? Mzee Githinji, aliyekaa upande wa msitu, alilijibu swali hilo la mwisho. Alisema kaburi la kaka yake lilikuwa likionekana kutoka mlangoni pake zamani, na sasa halionekani, na yeye hajahamisha mlango. Nilitafsiri. Madam aliandika, na jioni ile akakunjua ramani yake juu ya meza ya Mama, akachukua penseli nyekundu, akaizungushia nyumba ya Githinji mstari.

Siku sita baadaye Mzee Githinji alikufa. Alikuwa mzee sana na kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana, watu wote wakasema amepumzika. Lakini mimi nilikuwa nimeuona mstari. Wiki iliyofuata tulienda kwa Ndirangu, jirani yake, na nyumba yake nayo ikaingia ndani ya wekundu, na kabla ya Jumapili ng'ombe wake alivimba tumbo akaanguka. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hakika kwamba Madam alikuwa akiuliza ardhi inamtaka nani, na ardhi ikimjibu, na kwamba sauti iliyotumika kuuliza ilikuwa yangu.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinisuka nywele. Alinipa nusu ya mkate wake. Alicheka kwa sauti ndogo kama anakohoa.

Kisha, asubuhi moja akiwa anaoga, niliingia chumbani kwake nikaitazama ramani. Mstari mwekundu ulizunguka kwa Githinji na kwa Ndirangu, halafu ukashuka kuelekea kwetu. Lakini hapo haukuwa mstari tena. Ulikuwa nukta, nukta, nukta, zimezunguka nyumba mbili. Kando ya nyumba ya chini aliandika Mama Shiro. Kando ya ile ya juu, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika Wangeci.

Niligusa kwa kidole jina hilo, la Cucu na langu. Nilielewa kwamba nukta maana yake ni bado hajaamua.

Mchana huo tulishuka kwa Cucu. Madam alikuwa na haraka. Kesho yake chifu alikuwa ameita baraza, na wale watakaokuwa ndani ya mstari wangeambiwa wahame kabla ya mvua. Hilo mimi sikuambiwa, au niliambiwa likapita. Cucu alituketisha nje ya jikoni lake, akatupa uji. Madam akaniambia nimuulize kama ameona maji yanatoka mahali ambapo hayakuwa yakitoka zamani.

Nilimuuliza. Cucu alifurahi kuulizwa. Alisema ndiyo, ile chemchemi iliyokuwa chini kwenye miwa imekauka, na sasa maji yanatoka nyuma ya jikoni, na yana rangi ya chai ya maziwa. Alisema pia kwamba akilala kidogo mchana husikia kitu chini ya sakafu, kama mtu anayetafuna muwa, taratibu, akitema. Alidhani ni fuko.

Madam alinigeukia, kalamu ikiwa tayari.

"Anasema hakuna," nilisema. "Maji yako pale pale ya zamani."

"Amesema maneno mengi."

"Anasema habari ya fuko. Ati wanakula viazi."

Madam alitazama nyuma ya jikoni. Kulikuwa na vichaka vya thabai, ule mmea unaowasha, vimefika kifuani, na mteremko wake ulikuwa mkali. Akatazama saa. Akaandika. Jioni nilimwona akichukua raba na kuzifuta zile nukta, moja baada ya nyingine, zikabaki kama alama ya kucha kwenye ngozi. Nililala usingizi mtamu kuliko wote wa likizo ile.

Baada ya baraza, watu wa kwa Githinji na wa kwa Ndirangu walihama. Walinung'unika, wakang'oa hata mabati. Nilipita pale nikaona vyumba bila paa, na meza iliyosahauliwa ikiwa peke yake ndani ya kuta, na nikafikiri, hivi ndivyo kifo kinavyofagia. Na kwetu hakikuja. Nilimtazama Cucu akikata majani ya ng'ombe, nikajiona kama mimi ndiye niliyemzaa.

Mvua zikaanza. Sikumbuki nyingine kama hizo. Zilinyesha bila radi, bila upepo, kama mtu aliyefungua bomba akaenda safari. Ukungu ulikaa chini ya mteremko siku nzima, na kutoka ndani yake ulisikia mto bila kuuona. Mlango wa Cucu ulianza kukataa kufunga. Fundi alikuja akaupunguza kwa randa, na baada ya siku tatu ukakataa tena, upande wa pili. Mbwa wake, aliyekuwa akilala jikoni tangu azaliwe, alihamia kwetu, akajikunja chini ya kitanda changu asitoke. Nguzo za ua za Mama Shiro ziliinama zote pamoja, kama watu wanaosikiliza jambo chini. Mama Shiro alizicheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye pengo mbele, na alikuwa akinipa ndizi mbivu kila nilipompitia Shiro. Mumewe, Baba Shiro, alifanya kazi katika kiwanda cha chai, na alisema atazinyoosha mvua ikiisha.

Nilienda kulala juu ya sakafu ya Cucu mchana mmoja, sikio chini. Niliposikia yule mtu akitafuna, sikupiga kelele. Niliinuka, nikatoka, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama nimekosea mahali.

Siku yenyewe ilikuwa ya Madam kuondoka. Kazi yake ilikuwa imekwisha, gari lingekuja kumchukua baada ya chakula cha mchana. Asubuhi nilitumwa kwa Cucu kuchukua maziwa nikamkuta amefurahi. Alinipeleka nyuma ya jikoni akanionyesha. Ile chemchemi ilikuwa imenyamaza. Mvua inanyesha, mto unanguruma, na pale palipokuwa pakibubujika wiki zote zile palikuwa na tope tu, limetulia, lina harufu ile. Cucu alisema sasa jikoni litakauka.

Sijui ni nini kilichonipandisha mlima nikikimbia. Nafikiri ni ule ukimya. Nilimkuta Madam akifunga begi lake.

"Maji ya Cucu yamesimama," nilimwambia.

"Maji gani?"

Alinitazama, na nikaona uso wake ukifunguka polepole kwa kitu ambacho sijawahi kukiona tena kwa mtu mzima. Hakunikaripia. Aliniuliza tangu lini, nikasema tangu kabla ya baraza. Akaniuliza yalikuwa na rangi gani. Kisha akatoka bila koti, akishuka ule mteremko kama anayeanguka, nami nyuma yake.

Cucu hakutaka kuja. Sikutafsiri kitu, nilimshika mkono nikalia, nikamvuta, na nadhani alinifuata kwa sababu alidhani mimi ndiye mgonjwa. Nilimpandisha hadi barabarani. Madam alikuwa ameshashuka kwa Mama Shiro. Kutoka juu niliwaona, wadogo, uani. Madam alikuwa akionyesha kwa mikono. Mama Shiro alimsukuma Shiro mbele, akampa Madam mkono wa mtoto. Madam alitueleza baadaye kwamba Mama Shiro alimwashiria kuwa anaepua tu sufuria, githeri isiungue, halafu anakuja.

Hakukuwa na kishindo. Watu hudhani kulikuwa na kishindo. Kulikuwa na sauti kama ya kitambaa kirefu kinachochanwa, na mteremko ukaanza kwenda. Jikoni la Cucu lilishuka likiwa zima, limesimama, na moshi bado unatoka. Safu za chai zilishuka zikiwa zimepangwa. Migomba ilitembea ikiwa wima, ikatikisa majani, ikaingia kwenye ukungu. Kisha vyote vikawa ndani ya ukungu, na nikasikia mto ukinyamaza. Harufu ikaja baadaye, kubwa, ikatufunika.

Madam alitokea pembeni, kwenye mawe ya upande wa kushoto, akiwa amembeba Shiro mgongoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mama Shiro walimtafuta siku nne.

Waliotoka upande ule wa mteremko waliwekwa katika ukumbi wa kanisa, na sisi pia, kwa kuwa barabara mbele ya nyumba yetu ilikuwa imepasuka. Nilikaa kimya. Mama alidhani ni mshtuko, akaninunulia Lucozade. Shiro alilala godoro la tatu kutoka langu, na mimi nilijifunza kugeukia ukutani.

Baada ya wiki mbili Madam alirudi, mkono ukiwa kwenye plasta, na daftari. Alitaka kuwauliza wote walioona, kila mmoja alipokuwa amesimama na alichosikia, ili iandikwe mahali. Alipomfikia Cucu, Mama alijitolea kutafsiri. Cucu alikataa. Akasema mimi mdogo ndiye aliyefanya mara ya kwanza, na alifanya vizuri. Madam alisema kwamba mtoto amechoka, Mama yake atatosha. Cucu alinivuta akanikalisha katikati yao kwenye benchi.

Watu walisogea. Baba Shiro alikuwa karibu na mlango, kofia mkononi.

Madam aliuliza mambo madogo. Mbwa aliondoka lini? Mlango ulikwama upande gani? Niliona anavyozunguka, kama mtu anayezunguka shimo. Nikatafsiri kila neno. Mwishowe alifunga daftari akashukuru. Ndipo Cucu akaniambia, bila hasira, nimuulize kitu kimoja. Yale maji aliyomwambia wakati ule, mbona hakuyaandika?

Ukumbi mzima ulielewa Kikuyu. Wote wakamgeukia Madam, ambaye peke yake hakuwa ameelewa, na nikaona vile nyuso zilikuwa zinamtazama.

Nilitafsiri swali. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Madam alitazama plasta yake. "Mwambie nilisahau," alisema. "Mwambie kosa ni langu. Ningetembea hatua thelathini nyuma ya jikoni, ningeyaona. Mwambie aniwie radhi."

Nilimgeukia Cucu. Ningeweza kuyasema hivyo hivyo. Ilikuwa ndiyo kazi yangu, na sehemu yake ilikuwa kweli.

Nikasema kwa Kikuyu, "Hakujua. Wewe ulisema, mimi sikumwambia. Nilimwambia hakuna maji."

Nilisikia matone ya paa yakiingia kwenye ndoo. Madam aliniuliza kwa sauti ya chini nimemwambia nini, na sikuwahi kumjibu. Cucu aliuondoa mkono wake begani pangu, akaukunja mapajani. Baada ya hapo hakuniita tena mimi mdogo. Aliniita Wangeci mpaka alipokufa, kwa upole, kama anavyomwita mtu yeyote.

Baba Shiro alijua Kiswahili. Kati ya watu wazima wa ukumbi ule, yeye na Mama tu ndio walioelewa aliyosema Madam na niliyosema mimi, yote mawili. Alivaa kofia yake akatoka kwenye mvua.

Shule ilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza, alikuja kwenye godoro letu akiwa amemshika Shiro mkono. Nilidhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari. Alimwambia Mama kwamba ile njia ya chini haipo tena, na kwamba mimi naijua ya juu. Akauweka mkono wa Shiro ndani ya wangu, akaenda kazini.

Tulipanda. Pale juu, ambapo unaona mteremko wote, Shiro alisimama. Chini kulikuwa na jeraha jekundu, na ndani yake vipande vya chai vimekaa upande usio wake, na mgomba mmoja peke yake, wima.

"Kwetu ilikuwa wapi?" aliuliza.

Ningeweza kumwonyesha popote. Alikuwa ananiamini. Nilitafuta kwa macho, nikatafuta jiwe, mti, kitu chochote nilichokijua.

"Sijui," nilimwambia.

Akaketi kwenye nyasi zilizolowa, nami nikaketi. Kengele ya shule ililia mbali, na hatukuinuka. Yeye alianzia mtoni akitazama kwenda juu, mimi nikaanzia barabarani nikitazama kwenda chini, tukitafuta.